Samaki wangapi wanatosha kwenye tenki la nyumbani? Maswali yanayoulizwa kila mara, toleo la Dar

Haya maswali naulizwa karibu kila wiki, na ndugu, na majirani, na watu niliowagawia vifaranga vya gapi halafu wakageuka wafugaji. Nimeamua kuyaandika sehemu moja maana nimechoka kutuma voisi noti za dakika saba. Anza juu kama ndo unanunua tenki, kama una tenki tayari na lina shida ruka hadi chini.

## Mwanzo mwanzo

Nipe namba tu, tenki langu linabeba samaki wangapi?

Haya chukua namba ya kuanzia. Kwa samaki wadogo wembamba kama gapi, plati, neoni na danio, hesabu lita 2 za maji kwa kila sentimita 1 ya samaki, na hiyo sentimita ni ya samaki akiwa mkubwa, sio ule udogo aliokuwa nao siku unamnunua kwenye mfuko wa nailoni. Kwa hiyo tenki lenye lita 50 za kweli lina nafasi ya sentimita 25, yaani gapi 6 wa sentimita 4 na chenji inabaki.

Najua sita inaonekana ndogo, kila mtu ananikunjia uso hapo. Kuna kanuni ya zamani ya Wamarekani inayosema inchi moja ya samaki kwa galoni moja, ukiigeuza inakuja kama lita moja na nusu kwa sentimita, hiyo ingekupa gapi 8. Mimi nimeipunguza makusudi, sababu iko kwenye swali la video za Wazungu hapo chini.

Na usiitumie kabisa hii hesabu kwa goldifishi, oska, koi au samaki yeyote mnene. Samaki akirefuka mara mbili uzito wake hauongezeki mara mbili, unaongezeka kama mara nane, kwa sababu ananenepa kwenda juu na pembeni pia. Oska mmoja wa sentimita 30 na neoni kumi wa sentimita 3 wana urefu sawa ukiwapanga mstari mmoja, lakini kinyesi cha huyo mmoja ukikipeleka kwenye tenki la wale kumi wote wanakufa.

Lita zenyewe nazipimaje, fundi aliniambia tu ni tenki la futi mbili?

Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 1000. Tenki la 60 kwa 30 kwa 36 linakuja lita 64.8. Lakini hizo ni lita za kwenye karatasi, hujazi mpaka ukingoni, chini kuna changarawe sentimita tano, kuna jiwe, kuna lile jahazi la plastiki ulilonunua. Ukitoa vyote hivyo unabaki na lita 50 hivi.

Njia ya uhakika kuliko zote ni ndoo. Siku unajaza kwa mara ya kwanza hesabu ndoo ngapi umemwaga, kama ndoo yako ni ya lita 10 na umemwaga tano basi jibu unalo, andika kwa makapeni nyuma ya kioo ili usisahau.

Mbona kwenye video Wazungu wanaweka samaki 20 kwenye tenki kama langu na wako freshi?

Kwanza maji yao ni ya baridi kuliko yetu. Wao wanaweka hita, wanaseti nyuzi 24 na inakaa hapo hapo mwaka mzima. Tenki langu mimi halina hita na Januari linasoma 29 mpaka 30, Julai ndo linashuka kwenye 25. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja ya maji inashika kama miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 inashika 7.5 tu. Na wakati oksijeni inapungua samaki ndo anahema zaidi, maana joto linauchangamsha mwili wake, anakula zaidi, anachafua zaidi. Unabanwa pande zote mbili.

Pili ni umeme, na hapa nina kisa. Mwaka wangu wa kwanza nikiwa Tabata nilikuwa na hilo hilo tenki la futi mbili, ndani samaki 14, na walikaa vizuri miezi minne kabisa mpaka nikaanza kuona wanaosema usijaze ni waoga. Usiku mmoja wa Februari luku ikaisha. Sio mgao, sio hitilafu, ni mimi nilisahau kununua yuniti na nikalala kama mtoto na feni ikiwa imezima. Pampu ilisimama kwenye saa saba hivi, saa kumi na mbili asubuhi nikakuta tisa wanaelea. Wale watano waliobaki waliishi miaka, tena bila shida yoyote, na hapo ndo nilielewa kwamba tenki lile siku zote lilikuwa la samaki watano sita, hao wengine walikuwa wanaishi kwa hisani ya pampu.

Tangu siku hiyo nikihesabu samaki nahesabu kwa usiku mbaya: pampu imezima, joto la Februari, mimi nimelala, wangapi watafika asubuhi? Hiyo ndo namba ninayompa mtu akiniuliza, na ndo maana yangu iko chini ya ile ya kwenye video.

Bakuli la mviringo la mezani linabeba wangapi?

Sifuri. Lita 4 au 5, mdomo mwembamba, halina filta, maji yanachafuka ndani ya siku mbili. Hata beta, yule mwenye mapezi marefu anayeuzwa kwenye vikopo, mpe lita 20, na awe dume mmoja tu. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu ya maji kwa hiyo umeme ukikata hana presha kama wenzake, lakini amonia, ile sumu inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, inamuua kama samaki mwingine yeyote. Bakuli liwekee maua.

## Hewa, umeme na maji

Alfajiri nakuta samaki wako juu wanapumua midomo nje, mchana wako sawa. Ni ugonjwa?

Mara nyingi sio ugonjwa, ni wengi. Oksijeni ya tenki inafika chini kabisa kabla jua halijachomoza, hasa kama una mimea, maana mimea mchana inatoa oksijeni lakini usiku inakula kama wao. Ukiwaona hivyo asubuhi mbili tatu mfululizo, tenki limeshakwambia namba yake. Ongeza mapovu, punguza chakula, anza kutafuta nani wa kumgawia wachache.

Kama wanafanya hivyo hata mchana, pima amonia na nitriti kwanza (soma swali la tenki jipya), maana hizo mbili zinaharibu upumuaji hata kama oksijeni ipo ya kutosha.

Umeme umekatika sasa hivi, nafanyaje?

Usiwape chakula. Funua mfuniko. Chota maji kwa kikombe, inua juu kama shibiri mbili, mwaga taratibu yarudi yakitoa mapovu, dakika tano, kila baada ya nusu saa au hivyo, na ukiona wametulia chini acha. Kama joto ni kali chukua chupa ya maji ya barafu, ifunge vizuri, iache ielee ndani, moja tu, usishushe joto kwa ghafla.

Kuna vipampu vya hewa vya kuchaji kwa yuesibii, ukivichomeka kwenye pawabenki vinakesha usiku mzima. Kwa Dar mimi hiki naona ni cha lazima kuliko taa, kuliko hita ambayo hata hauihitaji.

Kingine watu hawakijui, kama una filta ya nje ya mkebe na umeme umekaa masaa mengi umezima, usiiwashe tu ukirudi. Maji yaliyokwama mle ndani yameoza, bakteria wanaokula uchafu wamekosa hewa, ukiwasha unamwagia samaki sumu. Fungua, mwaga yale maji, suuza sponji kwa maji ya tenki, ndo uwashe.

Nikinunua filta kubwa naweza kuongeza samaki?

Kidogo. Filta inayozungusha maji ya tenki mara nne au tano kwa saa inatosha kwa watu wengi, na ukiwa na kubwa zaidi unapata nafasi zaidi ya bakteria wa kula uchafu. Lakini filta haiongezi nafasi ya kuogelea, haiondoi nitrati, haizuii ugomvi, na luku ikiisha filta kubwa na ndogo zote ni plastiki.

Tenki refu la kwenda juu na tenki pana, lipi linabeba zaidi?

Pana. Oksijeni inaingilia juu, pale maji yanapogusana na hewa. Tenki la 60 kwa 30 lina uso wa sentimita za mraba 1800, liwe na kimo cha 30 au 60 uso ni ule ule. Yale marembo ya kusimama kama nguzo yanayowekwa mapokezi hotelini yanadanganya sana, lita nyingi lakini mdomo mdogo. Kwa fundi wa vioo mwambie urefu na upana kwanza, kimo baadaye.

Maji ya bomba, ya kisima na ya boza yanabadilisha idadi?

Idadi yenyewe sio sana, ila yanabadilisha aina ya samaki, na yanaamua kama utaweza kubadilisha maji kila wiki, ambayo ndo inayoamua idadi. Unaona ilivyo.

Ya bomba ya Dawasa yana klorini, yaweke kwenye ndoo wazi usiku mzima na pampu ya hewa ikipuliza, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Na usisuuze sponji ya filta bombani, unaua bakteria wote halafu unashangaa samaki wanakufa baada ya wiki. Visima vingi vya Dar vina chumvi, hasa maeneo ya karibu na bahari. Gapi na moli hawana tabu nayo kama sio kali, neoni wanapenda maji laini kwa hiyo watanyong'onyea taratibu.

Kosa kubwa kwenye maji ya kisima ni kujazia tu. Maji yanapungua kwa joto, wewe unaongeza ndoo, yanapungua tena, unaongeza tena. Chumvi haiendi hewani, inabaki, kila ndoo inaongeza yake. Toa robo ya maji ndo uweke mengine.

Na kama mtaani kwenu maji yanatoka mara moja kwa wiki na simtanki ni la kugombania na wapangaji wengine wanne, weka nusu ya samaki niliosema. Hutabadilisha maji, tusidanganyane.

## Aina za samaki

Goldifishi wangapi kwenye tenki la lita 60?

Hakuna, kwa kweli. Najua ndo samaki wa kwanza kila mtu anamnunua, mwekundu, mdogo kama kidole, bei ya kawaida, mtoto analia anamtaka. Wale wenye umbo la yai na mkia wa shela wanafika sentimita 15 mpaka 20, wale warefu wa kawaida wanazidi hapo na wanataka bwawa. Wanakula muda wote na wanachafua muda wote. Tena ni samaki wa maji ya ubaridi, wako raha kwenye nyuzi 18 mpaka 22, hapa Dar tunawapa 28 na kuendelea.

Wanaishi, sikatai, wapo watu wanao hapa hapa mjini wana miaka. Ila mimi singeweka zaidi ya wawili wa mkia wa shela kwenye lita 120, na mapovu masaa 24. Ukinitajia lita 60 nakwambia weka gapi.

Nilinunua gapi watatu sasa ni zaidi ya 60, nimekosea wapi?

Hujakosea, ndo gapi. Jike anazaa karibu kila wiki nne, mara moja anaweza kutoa 20, 30, mpaka 50, na anahifadhi mbegu za dume kwa miezi kwa hiyo hata ukimtoa dume leo jike ataendelea kuzaa kama vile hakuna kilichotokea. Moli na plati ni hivyo hivyo.

Hapa hesabu ya lita na sentimita haina maana, maana idadi hupangi wewe. Chagua mapema: ama weka madume tu, wana rangi kuliko majike na hakuna mimba, lita 50 madume sita inatosha. Ama weka mchanganyiko, dume mmoja kwa majike wawili watatu ili jike asifukuzwe mpaka achoke, na uache wakubwa wawale vifaranga, usiwatenge kuwaokoa. Inasikitisha ila ndo mizani. Mke wangu alikuwa anawaokoa kwa kichujio cha chai, miezi mitatu tukawa na madishi matatu ya samaki sebuleni na hakuna mgeni aliyetoka mikono mitupu.

Chochote ufanye, usimwage mtaroni wala Mto Msimbazi. Gapi ni mgumu, anaishi popote, anaenda kusumbua samaki wa asili.

Neoni mmoja mmoja wa kila rangi, ili tenki lipendeze, inakubalika?

Hapana, kuna samaki wanaohesabiwa kwa kundi. Neoni na tetra wengine kuanzia 6, korido, wale wanaokaa kwenye sakafu ya tenki, nao 6, babu (kwa Kiingereza barb) wenye mistari kama chui milia kuanzia 8 la sivyo wanageuka wakorofi na kunyofoa mapezi ya wenzao. Ukiwa na lita 50 chagua kundi moja tu, neoni 8 wa sentimita 3 na umemaliza. Kundi moja linaloogelea pamoja linapendeza kuliko mchanganyiko wa moja moja wamejibanza kwenye pembe.

Niongeze yule msafisha tenki ili nisibadilishe maji?

Huyo pleko, mweusi mweusi mwenye mdomo wa kunata, unauziwa akiwa sentimita 5 anafika 40. Anakula ukungu wa kijani kwenye kioo akiwa mdogo, akikua anataka chakula kama wengine, na kinyesi chake kinatoka kama tambi. Hakuna samaki anayepunguza uchafu, kila samaki unayemuongeza anaongeza. Kama unampenda sana tafuta ile aina yenye ndevu puani, inaishia sentimita 12 hadi 15, mmoja, kwenye tenki la lita 100 kwenda juu.

Si wanasema samaki anakua kulingana na ukubwa wa tenki?

Anadumaa, hiyo ni kweli. Anadumaa kwa sababu maji ni machafu na hana nafasi, mgongo unapinda, anakufa mapema. Mtoto ukimnyima chakula naye hakui, hatusemi ameenea kwenye chumba.

Oska, enjelifishi, koi?

Oska mmoja, lita 300. Koi hapana, huyo ni wa bwawa, anapita sentimita 60. Enjelifishi ni mrefu wa kwenda juu kuliko urefu wa mwili, ndo samaki pekee ninayekubali atafutiwe tenki lenye kimo, sentimita 45 kwenda juu, wanne kwenye lita 200, na wakishapatana wawili wakataga mayai hao wengine wawili watafute makazi.

## Kuanza, kuongeza, kupunguza

Tenki jipya, nimejaza maji leo, naweka samaki wote kesho?

Ukifanya hivyo hata idadi sahihi inakuwa nyingi. Kinyesi na mabaki ya chakula yanatoa amonia, amonia ni sumu, bakteria wa aina moja wanaigeuza kuwa nitriti ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia mpaka uitoe kwa kubadilisha maji. Hao bakteria hawapo kwenye tenki jipya. Wanachukua wiki nne mpaka sita kujenga, na wanaongezeka kulingana na chakula wanachopata.

Kwa hiyo weka wawili watatu, lisha kidogo sana, subiri. Au bora zaidi, omba kipande cha sponji chafu kutoka filta ya rafiki mwenye tenki lenye afya, kichomeke kwenye filta yako, utapunguza wiki nyingi. Kila mara ukiongeza samaki ongeza wachache, pumzika wiki mbili. Vile vikaratasi vya kupima vinasaidia: amonia na nitriti ziwe sifuri, nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita. Nitrati ikifika 40 kabla ya siku yako ya kubadilisha maji basi una samaki wengi kuliko mkono wako unavyofanya kazi.

Na kumbuka joto linaifanya amonia iwe kali zaidi, kwa hiyo kosa ambalo mtu wa Njombe linampita wewe wa Sinza linakuua samaki.

Nimeshajaza kupita kiasi, siwezi kuwatoa sasa hivi. Nifanyeje kwa wiki hii?

Lisha nusu, mara moja kwa siku, wanachomaliza ndani ya dakika moja au mbili. Badilisha robo ya maji kila siku mbili tatu badala ya kila wiki. Weka pampu ya hewa ya pili, ikiwezekana ile ya kuchaji. Usiweke mmoja zaidi hata akiwa wa bure, hasa wa bure. Wakati huo tafuta wa kuwachukua, shule zenye tenki, mafundi wa maua wenye vibwawa, watoto wa jirani ambao mama yao amekubali kwa mdomo wake.

## Mambo ya pembeni

Wale wa rangi wa Ziwa Nyasa, mbona wanawekwa wengi wengi?

Mbuna wanavunja kanuni na wana sababu. Ni wakorofi, dume anashika jiwe lake na ukiweka wanne tu mmoja atawapiga watatu mpaka wafe. Ukiweka 12 mpaka 15 kwenye lita 250 ugomvi unagawanyika, hakuna anayeonewa peke yake. Lakini huo msongamano unabebwa na filta mbili, mapovu ya nguvu, maji robo hadi theluthi kila wiki bila kukosa, na dume mmoja kwa majike matatu. Sio tenki la kuanzia. Na umeme ukikata hawa ndo wa kwanza kukuamsha.

Na wa Tanganyika?

Hapa mimi nina upendeleo, nasema wazi. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, yaani ukoo mmoja na sato na mbuna, na kuna wale wadogo wanaoishi ndani ya maganda ya konokono, sentimita 5 tu, lita 60 unaweka familia ndogo kuanzia watano sita, maganda zaidi ya idadi yao, mchanga laini, basi. Maji yao ya asili ni magumu, kwa hiyo ya kisima chenye chumvi kidogo tu hayawatishi. Wanazaa, ila wanajipanga wenyewe, wakibanana wanaacha kuongezeka kwa kasi. Tropheus, sikilidi wengine wa ziwa hilo hilo, ni habari nyingine, hao ni 12 kwenda juu na lita 250 au usianze.

Naweza kufuga perege, sato au kambale kwenye tenki la sebuleni?

Kama unataka kuwaangalia wakikua kabla ya kuwahamishia bwawani, sawa, wachache kwa miezi michache. Sato anapita sentimita 40 na anachimba kila kitu. Kambale anaweza kuzidi mita moja, anakula wenzake, na usiku anaruka nje ya tenki na kutembea. Jirani yangu alimkuta chini ya friji, mzima kabisa.

Wa bahari je, tuko hapa hapa na bahari?

Maji ya chumvi yanashika oksijeni pungufu kuliko maji yasiyo na chumvi, na hao samaki hawavumilii uchafu, kwa hiyo tenki la lita 200 ni wanne watano tu na vifaa vya gharama. Na visiwa vya Mbudya na Bongoyo viko ndani ya hifadhi ya bahari, usiende na chandarua kule.

Nataka tenki kubwa ili niweke wengi, nakaa ghorofani, kuna shida?

Lita moja ni kilo moja. Tenki la lita 200 na kioo chake, mchanga na mawe linakaribia kilo 270, hiyo ni watu wanne wamesimama sehemu moja miaka yote. Liweke ukutani karibu na nguzo, kwenye stendi ya chuma, sio kwenye meza ya tivii. Na muulize mwenye nyumba kabla, sio baada ya maji kudondokea kwa mpangaji wa chini.

Desemba tunaenda kijijini wiki mbili, nani atawaangalia?

Samaki wakubwa wenye afya wanakaa wiki nzima bila kula na hawafi, kinachowaua ni jirani mwenye huruma anayemwaga nusu kopo siku ya kwanza. Funga chakula kwenye vikaratasi vidogo, kimoja kwa kila siku mbili tatu, andika tarehe juu, kopo lenyewe lifungie kabatini na funguo ondoka nayo. Badilisha maji siku moja kabla ya safari, usiongeze samaki mpya mwezi huo. Halafu hakikisha luku ina yuniti za wiki tatu, na namba ya mita umeiandika kwenye simu ili uweze kununua ukiwa Moshi, na huyo jirani anajua kuingiza tokeni.